Uliza Kazi ya Mbwa Kabla ya Kuuliza Bei Yake

Hotuba kwa wafugaji wa mbwa, wazazi na vijana wa mji wa Goma

Waheshimiwa wazee wetu, baba na mama, ndugu vijana mliotoka Himbi, Katindo, Majengo, Ndosho na hata Mugunga, nawasalimu wote kwa heshima. Nimeombwa niseme juu ya aina za mbwa zinazopendwa hapa mjini, tabia zao na namna ya kuwatunza. Nitajaribu kukaa ndani ya mipaka hiyo, ingawa kwa mtu ambaye kazi yake ni kutibu wanyama mipaka hiyo ni mipana kuliko inavyoonekana.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Daktari, mbwa gani ni mkali zaidi?" Naelewa linakotoka. Usiku wetu ni mrefu, umeme hukatika, zamu, yaani mlinzi, mmoja hawezi kulinda kuta nne kwa wakati mmoja, na mtu aliyeweka akiba yake yote ndani ya nyumba au duka ana haki ya kutafuta msaada. Hata hivyo swali hilo limetujazia mji mbwa wanaofungwa mnyororo kutwa, wanaobweka ovyo usiku kucha, na ambao siku wakiuma humuuma mtoto wa nyumbani, kwa kuwa mwizi wamemzoea tangu alipoanza kuwatupia nyama. Ombi langu leo ni kwamba kabla ya kuuliza bei, na kabla ya kuuliza ukali, mtu aulize mbwa huyu anatokana na kazi gani, kisha ajiulize kama kazi hiyo ipo ndani ya parsele yake, yaani kiwanja anachoishi.

Kila mbegu, yaani aina, ya mbwa ni matokeo ya watu waliochagua, kizazi baada ya kizazi, dume gani azae na jike gani, kwa sababu kulikuwa na kazi waliyotaka ifanywe. Tuchukue yule ambaye hapa sote tunamwita Berger allemand, mbwa mchungaji wa Kijerumani. Mwaka 1899 afisa wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa dume mmoja wa wachungaji, akampa jina la Horand, na kutokana na huyo akaanza kujenga mbegu nzima. Alichokitaka ni mbwa wa kondoo: mbwa awezaye kuzunguka kundi kutwa nzima, kulizuia lisiingie katika shamba la jirani, na kutii neno la mchungaji aliye mbali. Miaka michache kabla yake, mwaka 1891, Adolphe Reul, mwalimu katika shule ya udaktari wa wanyama ya Cureghem nchini Ubelgiji, alikuwa amekusanya mbwa wa wachungaji wa nchi yake ili kuwachunguza na kuwagawa kwa manyoya yao. Yule mwenye manyoya mafupi ya hudhurungi na uso mweusi alipewa jina kutokana na mji wa Malines, naye ndiye Malinois anayetafutwa leo kwa nguvu zote, kutoka hapa mpaka Lubumbashi.

Wote wawili, basi, ni mbwa wa kondoo. Jicho lao limechaguliwa kwa miaka mingi lione kila kinachotembea, na mwili wao umechaguliwa ukifuate. Katika mji wetu kinachotembea ni mtoto anayekimbia, pikipiki inayopita, chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, linaloshuka mteremko likiwa limebeba makaa. Mbwa anayevifukuza vitu hivyo hana roho mbaya. Anafanya kazi ya babu zake mahali ambapo kondoo hawapo. Mwenye kulifahamu jambo hili atamfundisha tangu mdogo kumtazama bwana wake kila kitu kinapopita. Asiyelifahamu atampiga, na kipigo kitamfundisha mbwa kwamba kila pikipiki inapopita kunatokea maumivu. Hapo ndipo kuuma kwenyewe kunapoanza.

Berger allemand dume ana kilo 30 hadi 40, jike hupungua kidogo. Ni mbwa wa mtu mmoja anayekubali kuwa mbwa wa familia nzima, hujifunza haraka, na akilelewa vizuri huvumilia watoto. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye nyonga: kiungo cha paja hakikai sawasawa katika tundu lake, mfupa husuguana na mfupa, na mbwa wa miaka mitano au sita anaanza kuinuka kwa shida kama mzee. Ugonjwa huo hurithiwa, ingawa unene na ukuaji wa haraka mno huuzidisha. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara haridhiki na kumwona mtoto wa mbwa ndani ya katoni. Anaomba kuwaona mama na baba wakitembea, anatazama wanavyokaa na wanavyonyanyuka, na ikiwa muuzaji anasema baba yuko Kampala au Kigali na picha yake imepotea, anarudisha pesa mfukoni.

Malinois ni habari nyingine. Ni mwepesi, kilo 25 hadi 30 kwa dume, na majeshi na polisi wa nchi nyingi wamempenda kwa sababu hachoki na hataki kuacha alichoanza. Sifa hizo hizo humfanya awe mzigo kwa familia ya kawaida. Anahitaji si chini ya saa mbili kila siku za kukimbia, kutafuta, kurudisha vitu na kutatua mambo kwa akili yake, kwa sababu kuzungushwa uani peke yake hakumtoshi. Malinois asiye na kazi ni fundi aliyefungiwa chumbani pamoja na nyundo yake: atapata tu kitu cha kugonga. Nimewaona waliotafuna mlango, waliokula mkia wao wenyewe mpaka nyama, waliozunguka mduara mmoja mpaka ardhi ikachimbika. Wenye mbwa hao walikuwa watu wema, wengine matajiri. Mbwa alikosa kazi tu. Nasema wazi, na najua wapo watakaochukia: watu wengi wanaofuga Malinois katika mji huu wasingepaswa kumfuga.

Kuhusu mbwa wakubwa wa kutisha nitapita upesi, kwa kuwa sura zao zimeshawatangaza. Rottweiler alitokea katika mji wa Rottweil kusini mwa Ujerumani, ambako aliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Dume hufika kilo 50, ana utulivu kuliko anavyosifiwa, lakini maisha yake ni mafupi na kansa ya mifupa humpata kwa wingi. Boerboel wa Afrika Kusini hupita kilo 60 bila shida na alifugwa kulinda mashamba ambayo mwisho wake hauonekani kwa macho. Mtu mwenye parsele ya mita 15 kwa 20, ambaye hajawahi kumfundisha hata mbwa mdogo kukaa chini, asianze na Boerboel. Labrador naye huletwa hapa na watu wa mashirika, kisha huachwa kwa mpishi au dereva wanapoondoka. Ni mpole na mlinzi dhaifu, na hushiba kwa shida. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba karibu robo ya Labrador wana kasoro ya jeni inayohusiana na hamu kubwa ya chakula. Akikutazama kwa huruma mezani, usimwamini.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwa mbwa wawili ambao mkoa huu na nchi hii wana haki ya kujivunia.

Wa kwanza yuko Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, ambako tangu mwaka 2011 kuna kikosi cha mbwa wa kunusa. Miongoni mwao ni mbwa wa Saint-Hubert, yule mwenye masikio marefu yanayoburuzika, ngozi iliyokunjamana na macho ya mtu aliyefiwa. Mbegu yake inahusishwa na watawa wa Saint-Hubert katika milima ya Ardennes, Ubelgiji. Pua yake inakadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu milioni 300 hivi, ilhali mwanadamu ana milioni 5 au 6, na anaweza kufuata harufu ya mtu iliyoachwa ardhini saa nyingi zilizopita, hata palipopita watu wengine juu yake. Walinzi wa hifadhi humtumia kuwafuata majangili kuanzia kwenye mzoga wa mnyama au mtego. Akimfikia mtu aliyekuwa akimtafuta, kazi yake kwa kawaida imekwisha. Mara nyingi hutikisa mkia. Mlete mbwa huyo aishi Himbi kama mlinzi wa usiku, naye atamkaribisha mwizi kwa furaha na kumlowesha mate. Hapo mnaona maana ya maneno yangu ya mwanzo. Mbwa mmojawapo wa thamani kubwa kabisa katika Kivu ya Kaskazini angekuwa bure kwenye parsele zetu, na hilo halimpunguzii kitu.

Wa pili ni Basenji, mbwa wa Kongo hasa. Ni mdogo, kilo 10 au 11, kimo chake sentimita 40 na kidogo, masikio yamesimama, mkia umejiviringa mgongoni, paji la uso lina makunyanzi. Habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti inayopanda na kushuka, karibu na wimbo, na hujisafisha kwa ulimi kama paka. Wawindaji wa msitu wa Ituri humfunga njuga ya mbao shingoni, kwa sababu mbwa anayewinda kimya lazima bwana wake ajue yuko wapi. Jike hupata joto, yaani huwa tayari kupandwa, mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengi wa Ulaya hupata mara mbili.

Mwaka 1937 Basenji walioletwa kutoka Kongo walionyeshwa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa mjini London, na watu walijaa kuwatazama. Baadaye mbegu hiyo ilienea Marekani, lakini kwa kuwa ilitokana na mbwa wachache mno, magonjwa ya kurithi yakaongezeka, hasa ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambao humfanya mbwa apoteze sukari na chumvi za mwili kwenye mkojo. Basi mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walifunga safari mpaka kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, wakati huo ikiitwa Zaire, wakatafuta mbwa vijijini, wakarudi nao, na mwaka 1990 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kikakubali kuwaandika katika daftari lake. Walipanda ndege, wakavuka bahari, wakalala vijijini, kwa ajili ya mbwa ambaye sisi tunamfukuza kwa jiwe apitapo karibu na jiko.

Sisemi kwamba kila mbwa wa kienyeji anayezurura Birere ni Basenji. Wengi wao ni mchanganyiko wa miaka mingi, na damu yao imepita kila mahali. Lakini wamechujwa na hali ngumu: aliyekuwa dhaifu kwa kupe, kwa minyoo au kwa njaa hakuzaa. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hula kidogo, nyonga zake mara nyingi ni nzima, husikia mgeni kabla hajafika kwenye lango, na kelele yake humwamsha zamu, jambo ambalo ndilo ulinzi wenyewe kwa nyumba nyingi. Mtu akiniuliza mbwa wa nyumba ya mbao katika Mabanga, yenye watoto watano na uwanja mdogo, nitamwelekeza kwa mtoto wa mbwa wa kienyeji aliyezaliwa na mama mtulivu, aliyechanjwa. Wengine hudhani nawadharau kwa kuwaambia hivyo. Hata mimi ninaye mmoja, na siuzi.

Mbwa wadogo wa mapambo, Chihuahua, Caniche na wenzao, wanahitaji neno moja tu: ni mbwa kamili, wanahitaji chanjo na adabu sawa na wengine, na wanauma. Wenye pua bapa, kama Bulldog na Pug, hupumua kwa taabu maisha yao yote kwa sababu fuvu lao limefupishwa kuliko nyama za ndani ya koo. Mimi sishauri mtu awanunue, hapa wala kwingineko.

Baada ya kusema hayo yote juu ya mbegu, ni lazima nizipunguzie uzito. Mwezi Aprili 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma jeni za mbwa zaidi ya 2,000. Watafiti waligundua kwamba mbegu hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Mambo kama utiifu yalifuatana na mbegu kuliko mengine. Wepesi wa kukasirika au kushtuka ulifuatana nayo kidogo sana. Kwa hiyo mbegu hukuambia mbwa huyu huenda akapenda kufukuza, kunusa au kurudisha kitu, lakini haikuambii kama huyu aliye mbele yako atakuwa mpole. Hayo hutegemea wazazi wake hasa, wiki zake za kwanza, na mikono iliyomlea. Wahenga walilijua hilo bila maabara: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Wiki za kwanza zina uzito kuliko tunavyodhani. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi, mtoto wa mbwa anajifunza nini ni cha kawaida duniani. Akiwaona katika muda huo watoto, wazee, wenye miavuli, wenye kofia za polisi, kuku, mbuzi na pikipiki, na hakuna kilichomdhuru, atavichukulia kuwa sehemu ya maisha. Akikaa muda huo wote ndani ya sanduku ili "asizoee watu", kama wengine wanavyoamini, atakua akiogopa kila kitu, na mbwa mwoga ndiye anayeuma bila kuonya. Asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki nane, kwa maana ni mama na ndugu zake wanaomfundisha kupunguza nguvu ya meno. Wale wanaouzwa kando ya barabara, macho yakiwa bado na ukungu, wamenyimwa masomo hayo, na mnunuzi ndiye atakayeyafundisha kwa mkono wake mwenyewe, wenye alama za meno.

Na mnyororo? Mbwa aliyefungwa kutwa hawezi kukimbia hatari, kwa hiyo anabaki na njia moja, ambayo ni kupigana. Miezi ikipita, kila anayesogea anakuwa hatari. Kama parsele haina ukuta mzima, afadhali ajengewe kibanda chenye uzio wa mbao, kilichoinuliwa kutoka ardhini ili mvua isimfikie, na atolewe asubuhi na jioni. Kibao cha "chien méchant", yaani mbwa mkali, kwenye lango hakigharimu chochote na hufanya kazi hata kama mbwa aliye ndani amelala.

Nakuja kwenye chakula. Bugali peke yake hushibisha bila kujenga. Mbwa anahitaji protini: matumbo ya ng'ombe yaliyochemshwa vizuri, samaki wadogo kama sambaza au ndagala waliopikwa, mayai, maharagi yaliyoiva kabisa kwa kiasi. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo, kwa hiyo ile ya kuku wa Jumapili isimfikie. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu apewe chakula mara mbili kwa siku, apumzike baada ya kula, kwa sababu akila chakula cha siku nzima kwa mara moja na kisha kukimbia, tumbo laweza kujaa hewa na kujipinda, na asipofanyiwa upasuaji haraka atakufa katika muda wa saa chache. Tumbo likivimba na mbwa anajaribu kutapika bila kutoa kitu, usingoje asubuhi.

Kuna hesabu ya maji pia, ambayo wauzaji hawaitaji kamwe. Mbwa wa kilo 30 hunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na zaidi akifanya kazi. Tunaishi kando ya Ziwa Kivu, lakini familia nyingi zinanunua maji kwa bidoni ya lita 20 na kulipa anayeyabeba. Mbwa wawili wakubwa, pamoja na kuosha vyombo vyao, humaliza bidoni kadhaa kwa mwezi. Anayesitasita juu ya bidoni hizo atajikuta anampa mbwa maji ya kufulia.

Juu ya magonjwa nitasema kwa kifupi yale yanayoua zaidi, kisha nitakaa kwenye moja. Parvo humpata mtoto wa mbwa, humtapisha na kumharisha damu, na mara nyingi humwua kabla familia haijaamua kama itampeleka kwa daktari. Chanjo yake huanza kwenye wiki ya sita au ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Sindano moja haitoshi, hata kama aliyeichoma alisema inatosha. Kupe huleta homa zinazoharibu damu: ufizi ukiwa mweupe na mkojo ukiwa na rangi ya chai, wahi. Dawa za binadamu muziache: ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na paracetamol huharibu ini lake. Ivermektini ya ng'ombe, ambayo watu huichoma kwa kukadiria, imewaua mbwa wengi kwa kipimo kilichozidi, na Collie pamoja na jamaa zake wengine wanaweza kudhurika hata kwa kipimo ambacho mbwa mwingine angekivumilia.

Ugonjwa wa kukaa juu yake ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na kwamba takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Watoto wa chini ya miaka 15 ni karibu nne katika kila kumi ya wanaoumwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni karibu muhali. Lakini kabla hazijaanza kuna nafasi, kwa sababu virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, mara nyingi kwa wiki au miezi. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo. Jeraha lisipakwe pilipili, wala mafuta ya gari, wala lile jiwe jeusi ambalo watu huliweka juu ya jeraha la nyoka. Usimwue mbwa aliyeuma mkamtupa ziwani. Akifungiwa na kuangaliwa siku 10 akabaki mzima, hakuwa na virusi mateni alipouma, na habari hiyo humsaidia daktari. Wataalamu wanasema kwamba asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Ndiyo maana chanjo ya mbwa wa jirani yako maskini inakuhusu, na wenye uwezo wa kununua Malinois wanaweza pia kulipia chanjo ya mbwa wawili wa mtaa.

Nimebakiza mambo ambayo vitabu vya Ulaya havitawaambia, kwa sababu yanatokana na ardhi hii. Mawe yetu ya lava hukata nyayo, na mchana wa jua yale meusi huunguza. Mpeleke mbwa kutembea asubuhi au jioni, na kila usiku tazama kati ya vidole vyake, kwa maana kipande kidogo cha jiwe kilichoingia hapo huleta usaha baada ya siku mbili tatu.

Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Mugunga, Bulengo na Lac Vert, kuna mashimo na mabonde madogo ambamo kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama, ndiyo mazuku. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi chochote, huku mbwa aliye kwenye kimo cha goti lake tayari anaanguka. Katika maeneo hayo mtembeze kwa kamba, usimwachie akimbilie bondeni kufuata harufu, na usimfunge mahali palipo chini kuliko nyumba. Ukimwona ameanguka ndani ya shimo, usiinamie kumchukua, wala usimtume mtoto. Kama kamba imebaki mkononi mwako, mvute kutoka juu. Kama haikubaki, amepotea.

Tena kuna mlima wenyewe. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji. Ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, watu wengi waliondoka usiku, na siku chache baadaye serikali iliamuru kartie, yaani mitaa, kadhaa zihamishwe. Walioondoka kuelekea Sake na wale waliovuka kwenda Gisenyi walibeba watoto na magodoro, nao mbwa wengi walibaki kwenye minyororo yao. Siwalaumu waliokimbia. Nawaomba tu mjiandae leo: kila mbwa awe na ukanda wa shingo na kamba vinavyotundikwa mlangoni, azoee kupanda gari au pikipiki, na cheti chake cha chanjo kikae pamoja na vitambulisho vya familia, kwa sababu asiye nacho hupata shida mpakani. Na ikiwa haiwezekani kabisa kumchukua, anayetoka wa mwisho amfungulie mnyororo na auache mlango wa uzio wazi.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Aliye na swali aanze, na waliokuja na mbwa wao nje tutawatazama mmoja mmoja baada ya hapo.